Kusimama Hewani

Kenosi Dithapo alijua kurusha ndege kabla hajajua kuendesha gari, na watu wa Maun, mji wake huko Botswana, hawakuacha kumcheka kwa hilo. Mtu anatua na abiria kumi na wawili kwenye kiwanja cha mchanga chenye twiga pembeni, halafu jioni anasimama barabarani kuomba lifti ya kwenda kwake. Hata aliponunua gari, lilikaa uani mwaka mzima akilizunguka tu. Ndivyo alivyokuwa. Akishajua kitu, amekijua kabisa, asichokijua hakigusi. Kwa hiyo siku alipoingia ofisini kwa mwenye kampuni, na miaka yake arobaini na sita na mvi zake kidevuni, akasema anaacha ndege anataka kujifunza helikopta, mwenye kampuni alimtazama kwanza, kisha akamuuliza kama amegombana na mkewe.

Hakuwa amegombana na mtu. Sababu ilikuwa mama yake.

MmaKenosi, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, aliishi Dinokwe, kisiwa kilicho ndani kabisa ya maji ya Okavango. Mafuriko yakija watu wa Dinokwe hutembea kwa mtumbwi, yakiondoka hutembea kwa miguu, na kiwanja cha ndege hakuna wala hakitakuwepo, maana kisiwa chenyewe ukikimbia kidogo umekimaliza. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina la Kenosi, yaani niko peke yangu, na kwa miaka sita jina hilo lilikuwa la kweli. Kisha akazaliwa Seabelo, msichana mwenye sauti kubwa, akaliharibu.

Tangu Kenosi aanze kazi, kila safari iliyompitisha karibu na Dinokwe alikata kona kidogo, akashuka kadiri alivyoruhusiwa, akatikisa mabawa: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hiyo ndiyo salamu ya marubani. Wageni waliokuwa nyuma walidhani anawaonyesha viboko, wakampigia makofi. Chini, kati ya nyumba mbili za udongo na ua wa matete, mwanamke mmoja alivua kitambaa cha kichwa akakipunga mpaka ndege ikapotea.

Lakini hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Kenosi alipokwenda kumtembelea kwa boti, wakati wa Krismasi au msiba, mama alimsomea mashtaka yake.

"Wewe salamu zako ni za namna gani? Mtu mwenye adabu husimama langoni, akapiga hodi, akangoja. Wewe unanisalimia kama unakimbizwa na nyuki."

"Ndege haisimami, Mama. Ikisimama inaanguka."

"Basi waliokutengenezea hawakulelewa."

Jirani yake, MmaTshenolo, ambaye alikuwa rafiki yake na mchokozi wake kwa kiwango kilekile, alikuwa na lake pia. "Na unajuaje kwamba ni Kenosi? Huenda ni kijana wa Kizungu tu, anaona bibi kizee anapunga kitambaa kila siku, anamwonea huruma."

MmaKenosi alisonya, kama inavyostahili. Lakini maneno yale yalimwingia. Hakuwahi kumwona mwanawe akirusha ndege. Alichokiona miaka yote hiyo ni tumbo la ndege.

Halafu macho yakaanza. Krismasi moja Kenosi alimwona mama yake akinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa, akajifanya alikuwa anafukuza nzi. Alimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, imekuja polepole kwa miaka mingi, ikila pembeni kwanza. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa tundu dogo katikati. MmaKenosi sasa aliitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi.

Alilipokea hilo bila kulia. Kenosi ndiye aliyelia, nyuma ya gari, mahali alipodhani haonekani. Walipokuwa kwenye boti wakirudi kisiwani mama alisema, "Ndege yako bado naisikia. Natoka nje. Lakini mpaka nigeuze kichwa niitafute, imeshakwenda. Inapita upesi kuliko jicho langu."

"Nitapita polepole, Mama."

"Polepole, ili uanguke? Si wewe uliyeniambia?" Mkono wake ulikuwa ukiburuta majini. "Si neno. Kuna wanawake wenzangu, watoto wao walikwenda migodini, wanafanya kazi chini ya ardhi. Nao hawajawahi kuwaona kazini. Lakini mimi ningependa."

Mwanamke yule hakuwahi kumwomba mwanawe hata kilo ya sukari, na sasa alikuwa amesema angependa. Kenosi hakuweza kukaa tena ndani ya ndege bila kulisikia neno hilo.

Aliuza ng'ombe. Mjomba wake, ambaye kwake kuuza ng'ombe bila harusi wala mazishi ni dalili ya maradhi, alizunguka mji mzima akitangaza. "Kapteni mzima anauza ng'ombe ili akawe mwanafunzi!" Kenosi alimwacha atangaze. Kwa mama yake hakusema kitu. Alimwambia Seabelo peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeishi na mama, na alimwapisha. Angewezaje kumwahidi mwanamke anayepoteza macho kitu cha kuona, halafu ashindwe kukileta?

Na alikaribia sana kushindwa.

Mwalimu wake aliitwa Unami, Mkalanga kutoka upande wa Francistown, msichana ambaye Kenosi alipoanza kurusha ndege alikuwa bado anabebwa mgongoni. Siku ya kwanza alimfungia mkanda, akaketi kiti cha pili, akasema, "Rra, mzee wangu, kwa heshima zote. Nje ya mlango huu wewe ni kapteni, ni mkubwa wangu, nitakupikia chai. Humu ndani wewe ni mtoto wa chekechea."

"Sawa, mwalimu."

"Haya. Tusimame hewani. Mita mbili tu kutoka chini. Usiende popote."

Ni rahisi kusema usiende popote. Ndege ukiiachia inajua njia yake. Helikopta ukiiachia inatafuta mahali pa kukuulia. Mkono wa kulia una fimbo, wa kushoto una liva iliyo kando ya kiti kama breki ya mkono ya gari, miguu ina kanyagio, na ukigusa kimoja vingine vyote vinakasirika. Helikopta ilienda mbele, ikarudi nyuma, ikazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Wafanyakazi wa kiwanja walitoka na vikombe vyao kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama Rra Dithapo anacheza ngoma ya kwao.

Hilo la kusimama aliliweza mwishowe, kwa wiki nyingi na jasho jingi. Kilichomshinda kilikuwa kingine, nacho kilimshinda kwa sababu alikuwa rubani mzuri.

Ndani ya ndege, mabawa yakikaribia kuishiwa nguvu, king'ora hulia. Dawa yake ni moja: sukuma usukani mbele, pua ishuke, ndege ipate mwendo. Kenosi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote ya kazi, na mara mbili kulimwokoa yeye na abiria wake. Ndani ya helikopta pia kuna king'ora, na sauti yake ni karibu ileile, lakini kinasema jambo lingine: mapanga yaliyo juu yanapunguza mzunguko. Hapo unashusha liva ya kushoto, upesi, kabla ya kitu chochote. Ukisukuma fimbo mbele, mapanga yanaweza kuukata mwili wa helikopta yenyewe. Mtu ambaye hajawahi kurusha kitu hawezi kufanya kosa hilo. Ni kosa la watu wa ndege peke yao.

Siku ya somo hilo Unami alipunguza injini ghafla wakiwa juu ya mabwawa. King'ora kikalia. Mkono wa kulia wa Kenosi ukasukuma mbele.

Unami alikuwa amekwisha kushika fimbo na liva za upande wake. Alishusha, akatuliza, akarudisha injini, akatua kwenye nyasi.

"Umeona ulichofanya, Rra?"

"Nimeona."

"Ulikusudia?"

"Hapana."

"Hapo ndipo penye shida. Ungekuwa umekusudia, ningekwambia uache."

Walirudia. Mkono ukasukuma. Walirudia siku nyingine, na nyingine. Kichwani Kenosi alilijua somo lote, angeweza kulifundisha, lakini king'ora kilipolia mkono haukungoja kichwa. Unami hakumdanganya. "Mkaguzi anakuja kutoka Gaborone mwisho wa mwezi. Ukifanya hivi mbele yake atakukatalia leseni, na mimi nitakubaliana naye. Sitaki kuja kukuzika."

Mchana ule Kenosi alikaa juu ya pipa nje ya banda la ndege. Ile ndege yake ya zamani ilipita mbele yake ikienda kuruka, rubani mwingine ndani. Alimpungia mkono. Alikuwa anafikiri kwamba kiti kile bado angeweza kukirudia, mwenye kampuni alikuwa amemdokeza hivyo, na hakuna ambaye angemcheka zaidi ya alivyokwisha kuchekwa. Simu ikalia. Alikuwa Seabelo, ambaye alifanya kazi ya kufua kwenye kambi ya watalii karibu na Dinokwe, mahali penye mtandao.

"Kaka, mwanzi unazidi kuwa mwembamba."

"Kiasi gani?"

"Jana amenisalimia mimi, kwa adabu zote, akidhani ni MmaTshenolo. Na kuna jambo lingine. Anauliza mbona ndege yako haipiti siku hizi."

Kenosi hakuwa amefikiria hilo. Tangu aanze mafunzo hakuna aliyetikisa mabawa juu ya Dinokwe.

"Anatoka asubuhi anakaa uani anasikiliza," Seabelo akaendelea, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Jana akaniambia, pengine ndege inapita ila na masikio nayo yameanza kwenda. Kaka, niache nimwambie."

"Usimwambie."

"Una roho ngumu wewe!"

"Nikimwambia halafu nishindwe, Seabelo? Nimtie tumaini nimnyang'anye?"

"Basi usishindwe," Seabelo akasema, akakata simu.

Alipogeuka alimkuta Unami amesimama nyuma yake na vikombe viwili vya chai. Ndipo Kenosi alipomweleza, kwa mara ya kwanza, habari za kitambaa, na mwanzi, na neno lile la kwenye boti. Alieleza vibaya, akirukaruka, akiangalia kikombe. Unami alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa pua yake kwa mkono wa shati.

"Sasa kwa nini hukusema tangu mwanzo, mzee wangu? Mimi nilidhani ni ujana umekupanda uzeeni." Akaweka kikombe chini. "Haya. Kuanzia leo hutakula kwa amani."

Na kweli hakula kwa amani. Unami alimkalisha kwenye kiti cha plastiki bandani, mpini wa ufagio mkono wa kulia, kipande cha bomba kushoto, akazunguka nyuma yake akifanya mambo mengine. Ghafla: "Piiiip!" Kushoto chini. Kulia tulia. Tena. Alimpigia piiip kwenye foleni ya duka, na trei ya mayai ikashuka sakafuni ikiwa mkononi. Alimpigia kwa mama lishe, mbele ya sahani ya nyama ya kupondwa, mkono wa kushoto wa Kenosi ukapiga meza mchuzi ukaruka mpaka kwa mtu wa jirani. "Samahani, Rra," Unami akamwambia yule mtu, "ni mgonjwa wangu." Mkewe Kenosi naye akafundishwa, akawa anapiga piiip akiwa anakoroga uji, akicheka peke yake jikoni.

Mkono ulianza kutii, lakini kwa woga, na Kenosi alijua kwamba mkono wenye woga hauaminiki. Kisha asubuhi moja, akiwa juu ya kile kiti cha plastiki, alikumbuka mtumbwi.

Alikuwa mdogo, amesimama nyuma ya mtumbwi na mti mrefu wa kusukumia, mama yake amekaa mbele akimpa mgongo. Mtumbwi ulipoyumba alikakamaa akainamia mbele, kama kila mtoto, na kila mtoto afanyaye hivyo huoga na nguo zake. Mama hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu ya bega, kiganja kikitazama chini, akawa anakishusha taratibu kama anayembembeleza mbwa alale. "Shuka, mwanangu. Magoti kwanza. Ukishashuka, mengine utayaona." Alishuka, magoti yakalegea, mtumbwi ukatulia. Kumbe alikwisha kufundishwa zamani, na mtu aliyekuwa hajawahi kupanda hata ndege.

"Piiiip!" Unami akapiga.

Shuka, mwanangu. Mkono wa kushoto ukaenda chini, laini, na wa kulia haukutikisika.

Unami akazunguka akaja kusimama mbele yake. "Mkono huo ulikuwa wa nani?"

"Wa mama yangu," Kenosi akasema.

Mkaguzi kutoka Gaborone alikuwa mtu asiyetabasamu. Alikata injini mara tatu, mara ya tatu katikati ya swali alilokuwa anamuuliza Kenosi kuhusu watoto wake. Mara zote tatu liva ilishuka. Walipotua mkaguzi aliweka saini yake, akauliza wapi mjini hapa mtu anapata samaki mzuri, akaondoka. Unami ndiye aliyepiga vigelegele, mpaka mbwa wa kiwanjani wakaja.

Wiki iliyofuata walitumwa kupeleka helikopta tupu kwenye kambi moja ya kaskazini, Kenosi rubani, Unami pembeni yake. Mwenye kampuni alikuwa amekwisha kuzungumza na mkubwa wa Dinokwe, ruhusa ikatoka. Seabelo alijua saa. Mama hakujua.

Kisiwa kilitokea mbele yao kama kawaida, nyumba mbili, ua wa matete, moshi. Kenosi alikuwa amekipita maelfu ya mara, na kila mara kilimkimbia chini ya bawa. Safari hii alipunguza mwendo, akapunguza tena, na kisiwa kikaacha kukimbia. Hakusogea karibu sana, maana upepo wa mapanga ungeng'oa matete yote na kumwachia mama yake ua wa nguzo. Alisimama juu ya nyasi za bondeni, usawa wa paa, ubavu ukiwa upande wa nyumba, mlango wake hauna kioo.

MmaKenosi alikuwa amekaa kwenye kiti, ungo wa mizizi ya yungiyungi mapajani. Hakuinua kichwa. Helikopta za watalii zilipita kila siku, hazikumhusu. Yeye alikuwa akingoja sauti nyingine. Seabelo alitoka mbio, akamwinua, ungo ukaanguka. Akamshika mabega akamgeuza upande wa bondeni, akimwambia kitu sikioni. MmaTshenolo alitokea kwenye mlango wa nyumba yake na mwiko mkononi.

Kisha mama akaanza kutafuta. Kenosi aliuona uso wake ukienda polepole angani, kutoka kwenye vilele vya mitende, ukaja, ukamfikia, ukampita. Moyo ulimruka, na helikopta, ambayo husikia kila kitu, ikayumba.

"Nishike?" Unami akauliza. Mikono yake ilikuwa magotini.

"Usishike."

Uso ukafika mwisho wa miti, ukarudi. Taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Kenosi alisimama. Hakuna kitu alichowahi kufanya kwa mikono na miguu yake chenye kuhitaji utulivu kama ule. Jasho lilimwingia machoni na hakupangusa. Alivua miwani ya jua kwa kutikisa kichwa mpaka ikaanguka, ili uso ubaki mtupu. Uso wa mama ukaja, ukaja, ukafika kwake.

Ukasimama.

Hakupunga kitambaa. Alisimama tu amenyooka, mdomo wazi kidogo, na Kenosi akajua kwamba ndani ya ule mwanzi, kwa upana wake wote uliobaki, alikuwamo yeye peke yake. Walitazamana hivyo, yeye hewani na mama chini. Seabelo alikuwa analia waziwazi. Unami alikuwa ameangalia upande wa pili, akikagua kwa makini sana mabwawa yasiyo na kitu.

Halafu MmaKenosi aliinua mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, akaanza kukishusha taratibu.

Kenosi akashusha mkono wa kushoto.

Alitua mbali kwenye nyasi, akazima, akangoja mapanga yasimame kabisa. Akatembea mpaka kwenye ua wa matete na hakuingia. Alisimama langoni.

"Hodi."

"Karibu," MmaKenosi akasema. "Leo umesimama." Kisha, bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya kufika nyumba ya pili: "MmaTshenolo! Umemwona mzungu wako? Mzungu gani mwenye masikio ya marehemu mume wangu?"

"Nimeyaona!" MmaTshenolo akajibu, akijifuta macho na mkono wenye mwiko. "Nimeyaona, nyamaza sasa!"

Mama alinyoosha mikono mbele yake, akaushika uso wa mwanawe, akauvuta, akausogeza kidogo kushoto, kidogo juu, mpaka ukakaa anapopataka.

"Hapo hapo," akasema. "Usisogee."

"Sisogei, Mama," Kenosi akasema.